UZI: Nilivyofundisha OOP (kuandika programu kwa obijekti) kwa konda, abiria na vifuniko vya soda (umeme ulikatika)

Mwalimu_wa_Kadi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Humu kuna nyuzi nyingi za vijana wanaolalamika kwamba wamesoma lugha ya programu ya Java muhula mzima na mtihani wamepasi, lakini wakipewa kazi ya programu ya duka wanarudi kuandika kila kitu kwenye faili moja la mistari elfu mbili. Nawaelewa kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Chuoni nilifundishwa kwamba Mbwa anarithi kwa Mnyama, Paka naye anarithi kwa Mnyama, mbwa anabweka, paka analia nyau. Nikapata B. Tangu hapo hajatokea mteja hata mmoja aliyeniomba mbwa abweke.

Sasa hivi nafundisha jioni. Vijana tisa, chumba cha kupanga Mbagala, laptop nne, mbili kati yake betri ni mapambo. Siku tuliyopaswa kuanza OOP umeme ukakatika kabla hata sijafuta ubao. Nikawaambia twendeni nje, tubebe mabenchi.

Nikayapanga mabenchi kama viti vya daladala. Mmoja dereva, mmoja konda, sita abiria, wa tisa nikampa kalamu awe refa. Kila abiria nikampa karatasi iliyoandikwa yeye ni nani (mtu mzima, mwanafunzi, mama mwenye mtoto wa kupakata) na anashukia wapi. Karatasi inaingia mfukoni pamoja na vifuniko vya soda, hivyo ndivyo hela zetu. Mtu mzima analipa vifuniko vitatu, mwanafunzi kimoja, mtoto wa kupakata halipi. Sheria ilikuwa moja tu: ni marufuku kusoma karatasi ya mwenzako au kutia mkono mfukoni mwake. Ukitaka kitu, mwambie.

Konda wa kwanza ni kijana anayeandika lugha ya C vizuri kuliko mimi. Akaanza na abiria wa kwanza: "Wewe ni nani?" "Mwanafunzi." "Una vifuniko vingapi?" "Vinne." "Basi nipe kimoja." Akaenda wa pili: "Wewe ni nani?" Refa alihesabu maswali kumi na mbili kwa abiria sita, na bado mtoto wa kupakata alidaiwa nauli.

Dada mmoja aliyekaa siti ya nyuma akashindwa kuvumilia: "We konda wa wapi? Konda anatikisa chenji anasema *nauli*, basi!"

Tukacheka wote. Nikamtoa konda, nikamweka yule dada. Akapita katikati ya mabenchi: "Nauli. Nauli hapo. Nauli dada." Huyu akatoa vitatu, huyu kimoja, mwenye mtoto akalipia kichwa chake tu. Neno ni lilelile, majibu yanatofautiana, na konda hakumuuliza mtu yeyote yeye ni nani.

Nikawaambia kwamba hiyo waliyoiona ndiyo polimofizimu. Neno hilo mimi lilinichukua mwaka kulielewa, wao liliwachukua safari moja ya benchi isiyokwenda popote.

Umeme uliporudi tukaandika kodi (ya kompyuta, msinikimbie). Konda wa kwanza kwa lugha ya Python alikuwa hivi:

```
for a in abiria:
    if a.aina == "mtu_mzima":
        makusanyo += 3
    elif a.aina == "mwanafunzi":
        makusanyo += 1
```

Yule dada alikuwa hivi:

```
for a in abiria:
    makusanyo += a.toa_nauli()
```

Baadaye nikaenda kusoma historia na nikakuta jambo lililonifurahisha sana. Wazo la klasi (kiolezo cha kutengenezea obijekti) na urithi halikuanza na mbwa. Lilianzia Norwe, Oslo, kwa Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, waliokuwa wanatengeneza lugha ya kuigiza mifumo ya maisha halisi, ile iliyokuja kuitwa Simula 67. Mmoja wa mifano iliyowasumbua ulikuwa daraja lenye kibanda cha kulipia na foleni ya magari, mengine malori, mengine mabasi. Malori na mabasi yalikuwa na mengi yanayofanana, ila kila aina ilibidi iandikwe peke yake. Hapo ndipo likaja wazo la kuandika kinachofanana mara moja, kisha lori na basi kila moja lijazie ya kwake. Yaani ukikaa Daraja la Kigamboni dakika kumi ukiangalia pikipiki, bajaji na fuso zinavyolipia, unaangalia somo lenyewe mahali lilipozaliwa.

Na mbinu yangu si uvumbuzi. Mwaka 1989 waandishi wa programu Kent Beck na Ward Cunningham waliandika makala kuhusu kufundisha kwa kadi za karatasi. Kila kadi ina jina la klasi, majukumu yake, na wenzake inaoshirikiana nao. Mwanafunzi anainua kadi mkononi na kuwa huyo obijekti wakati tukio linaigizwa. Kadi iwe ndogo makusudi: majukumu yakikosa nafasi, ujue klasi yako imebeba mizigo ya wengine.

Leteni mbinu zenu. Na mwenye kupinga apinge, ila aje na mfano.

---

Kiti_cha_Dirishani

Nakaa siti ya mbele kabisa. Mtoto wa kupakata kudaiwa nauli nimecheka mpaka nimeitwa jikoni.

---

FundiServa

Mkuu, sikupingi, ila nimefundisha pia na nina wasiwasi. Michezo hii ina utamu wake, watu wanacheka, wanarudi nyumbani wanajiona wameelewa. Kesho ukiwaweka mbele ya kompyuta hawajui waanzie wapi. Kuelewa daladala si kuelewa programu. Daladala wanaijua tangu utotoni! Umewafundisha wanachokijua.

---

Mwalimu_wa_Kadi

FundiServa, hilo limenikuta, sitalificha. Wiki ya pili, kijana aliyekuwa konda mzuri kuliko wote kwenye mabenchi aliandika programu ya duka la dawa yenye *if* kumi na moja zilizofuatana. Nikamuuliza, "Nauli iko wapi hapa?" Akanitazama kama nimeongea Kichina.

Nikabadilisha vitu viwili. Kwanza, mchezo ukiisha, siku hiyohiyo kila kadi inageuzwa kuwa klasi bila kuongeza neno ambalo halikuwa kwenye kadi. Pili, ambacho ndicho kilichosaidia zaidi: wakishamaliza, mimi nakuwa mteja aliyebadilisha mawazo. "Kuanzia kesho wazee wanalipa vifuniko viwili." Hakuna anayeruhusiwa kugusa kibodi mpaka aseme atagusa sehemu ngapi. Aliyeandika kama konda wa kwanza aligusa sehemu nne na moja akaisahau, maana lile swali la "wewe ni nani" alilirudia kwenye risiti, kwenye ripoti na kwenye kufunga hesabu. Yule dada akaongeza klasi moja ya Mzee, akaenda kunywa chai.

Daladala wanaijua, ni kweli. Maumivu ya kubadilisha walikuwa hawajayaonja.

---

BintiWaMkunguni

Assalaam alaikum. Mimi ni wa Lamu, nafanya kazi hizi za programu kwa mbali.

Mwalimu, ile sheria yako ya kutotia mkono mfukoni kwetu tunayo kwenye nyumba. Nyumba ya mawe ya kale ukija unakutana na daka, penye vikalio vya mawe kabla ya kuingia ndani. Mgeni hukaa hapo. Akiwa mgeni wa heshima ana sabule yake, chumba cha wageni. Lakini *ndani*, chumba chenyewe chenye zidaka (vishubaka) ukutani, hakuoni. Hajui kitanda kimehamishwa wala hajui kapu la mchele liko wapi. Akitaka maji, maji yatakuja. Mwenye nyumba akiamua kuhamisha jiko, mgeni hana habari na wala hapotezi kitu.

Nilipofundishwa ufichaji wa data niliambiwa ni "usalama", kana kwamba kuna mwizi. Sikuelewa ni mwizi gani ataingia kwenye kodi yangu mwenyewe. Nilielewa siku nilipofikiri nyumba ya bibi: si kwa sababu ya wezi, ni ili wa ndani wawe huru kupanga ndani kwao.

Na *hodi* ndiyo kuita methodi (kazi ambayo obijekti huifanya ikiombwa). Unapiga hodi, unangoja. Ukipiga mara tatu kimya, unaondoka zako. Nimewahi kuandika programu iliyokuwa inapiga hodi milele mpaka serva ikalala chali. Kumbe adabu ningekuwa nimeitumia.

---

Mwalimu_wa_Kadi

Dada yangu, hii ya hodi mara tatu naiiba leo hii.

---

Posa_na_Mahari

Wakuu, ruwaza za usanifu (masuluhisho yenye majina kwa matatizo yanayojirudia kwenye programu) mbona hamzigusi? Nina swali lililogawanya ofisi yetu wiki nzima. Mshenga ni ruwaza gani? Mimi nasema Proksi. Mwenzangu anasema Midieta. Bosi anasema Fasadi (mlango mmoja rahisi unaoficha mambo mengi nyuma yake), ila yeye alioa kwa kutoroka na mke, hana uzoefu.

---

FundiServa

Proksi. Anasimama badala ya muoaji, anasema maneno ambayo muoaji angesema.

---

Kiti_cha_Dirishani

Midieta bwana. Mahari ikifika pabaya nani anakwenda huku na huku? Wazee wa pande mbili hawagombani uso kwa uso, wanagombana kupitia yeye.

---

BintiWaMkunguni

Nyote mko sawa kwa siku tofauti. Siku ya kupeleka barua ya posa ni Proksi: anasimama mahali pa muoaji, na upande wa mke unamjibu kama unavyomjibu muoaji. Mahari ikianza kujadiliwa na kila upande ukasema naye tu, amekuwa Midieta. Mtu ni yuleyule na kanzu ni ileile, kilichobadilika ni kusudio.

Ndiyo maana kile kitabu cha ruwaza cha 1994 cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides kina ruwaza 23, na kila moja inaanza kwa kueleza kusudio lake kabla ya mchoro wowote. Ukiangalia mchoro peke yake, kadhaa zinafanana kama mapacha. Watu wanakariri mchoro, kisha wanabishana.

---

Posa_na_Mahari

Nimeipeleka hiyo ofisini. Bosi amesema yeye bado ni Fasadi.

---

Chipsi_Kavu

Naomba kuuliza bila kuchekwa. Chipsi mayai ni Dekoreta?

---

Kiti_cha_Dirishani

Umechekwa tayari.

---

Mwalimu_wa_Kadi

Swali zuri, mwacheni. Dekoreta inaongeza kitu juu ya kingine bila kukibadilisha cha ndani, na unaweza kuongeza tena na tena kwa mpangilio unaoutaka. Sahani ya wali kwa mama ntilie ni Dekoreta: wali, juu yake maharage, juu yake nyama, kila tabaka linaongeza bei yake, na wali ni wali tu chini kule. Chipsi mayai, mayai yakishamwagwa kwenye kikaango, chipsi haziko tena kama zilivyokuwa. Hiyo umetengeneza klasi mpya. Kachumbari ndiyo Dekoreta.

---

Mvita_Koda

Salamu kutoka Mombasa. Uzi mtamu, lakini naona mwatembea kuelekea shimo nililotumbukia mimi.

Nikifundishwa ruwaza nilipenda mno. Kazini nikapewa kutengeneza risiti moja ndogo ya duka. Nikaweka Faktori ya kuzaa risiti, Strateji ya kodi (hii ndiyo ya serikali), Obzeva wa kuarifu printa, na Singletoni (obijekti moja tu kwa programu nzima) ya mipangilio. Klasi kumi na nne. Aliyekuja kunirithi alizifuta zote akaandika fanksheni mbili, na duka lile lauza hadi leo.

Mtaalamu wa kompyuta Peter Norvig alionyesha mwaka 1996 kwamba 16 kati ya zile ruwaza 23 huwa rahisi zaidi au hutoweka kabisa ukiandika kwa lugha kama Lisp au Dylan. Maana yake nyingi ni viraka vya upungufu wa lugha fulani. Ukimfundisha mtoto viraka kabla nguo haijachanika, atakata nguo nzima apate pa kushonea.

Na Singletoni naomba ifundishwe kama onyo. Ni ule mhuri mmoja wa ofisi ya mtaa: mwenyewe akisafiri kwenda msibani, mtaa mzima hauendi benki.

---

FundiServa

Mvita, hapo nakupigia makofi.

Na nirudi kwa mwalimu, maana nimeona kosa kwenye mabenchi yako na limenikera tangu jana. Kwenye kodi ya yule dada, *abiria* ndiye anayejua nauli yake ni kiasi gani. Tangu lini? Huku kwetu nauli anapanga LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, imeandikwa kwenye bango. Abiria akijipangia nauli, gari halirudi na mafuta. Siku nauli ikipanda utaenda kufungua klasi ya Mwanafunzi, ya MtuMzima, ya Mzee, moja moja. Mbona hiyo haitofautiani na zile *if*?

---

Mwalimu_wa_Kadi

Nimekaa na hili siku mbili. FundiServa yuko sahihi, nami sikuwa nimeliona.

Jumamosi nikalirudisha kwenye mabenchi bila kuwaambia jibu. Nikatangaza: nauli zimepanda zote. Abiria sita wakaanza kufuta karatasi zao kwa wakati mmoja, wawili wakakosea. Refa akaandika "fujo". Nikauliza nani alipaswa kujua bei. Wakabishana, konda akasema ni yeye, abiria wakakataa: "Utatuongezea." (Hawa watoto wamepanda magari mengi.) Mwishowe kijana mpole asiyesemaga kitu, yule aliyekuwa dereva, akasema kuwe na mtu wa tisa. Refa akavuliwa kalamu, akawa Bango, akasimama mbele na karatasi ya bei.

Sasa mchezo ukawa hivi. Konda anasema "nauli". Abiria halipi papo hapo, anamgeukia Bango: "Ya mwanafunzi?" Bango: "Viwili." Analipa. Abiria anajua yeye ni nani, Bango anajua bei, konda anajua kupokea tu. Kwa Python:

```
class Mwanafunzi:
    def toa_nauli(self, bango):
        return bango.ya_mwanafunzi()

class Mzee:
    def toa_nauli(self, bango):
        return bango.ya_mzee()
```

Siku ya sikukuu unaleta BangoLaSikukuu, abiria hawaguswi hata mmoja.

---

BintiWaMkunguni

Mwalimu, unajua mmegundua nini hapo? Hiyo ni mifupa ya Visita. Obijekti inapokea mgeni, kisha inamwambia mgeni "mimi ni wa aina hii, nifanyie yangu".

Na ina gharama yake, waonyeshe. Kuongeza bango jipya ni rahisi. Ila ukiongeza aina mpya ya abiria, mabango *yote* lazima yaongezwe mstari. Kwa hiyo kabla ya kuitumia uliza: kwenye kazi hii, kinachobadilika mara nyingi ni aina za watu au ni bei? Daladala, bei hubadilika zaidi.

---

Mwalimu_wa_Kadi

Visita! Nimeisoma kwenye kitabu mara tatu nikaifunga kwa woga, halafu dereva wa benchi kaifikia bila kujua jina. Nimemwambia leo jina lake, akasema "sawa", akaendelea kula mihogo.

Mvita, hili linakujibu pia kwa upande fulani. Nimeamua jina la ruwaza halitajwi darasani mpaka waumie kwanza na watafute dawa wenyewe. Kwa mwendo huo sidhani kama tutafika ruwaza sita kwa mwaka.

---

Mvita_Koda

Sita zatosha. Mimi kazini natumia nne, na moja kati yazo naionea haya.

Nyongeza ya pembeni: ruwaza zenyewe zilitoka kwa mtu wa majengo, Christopher Alexander, aliyeandika na wenzake mwaka 1977 ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Kwa hiyo dada wa Lamu kuanza na daka na sabule amerudi kwenye chimbuko bila kutafuta. Na huyo Cunningham wa kadi ndiye aliyetengeneza wiki (tovuti ambayo wasomaji wenyewe wanaihariri) ya kwanza duniani, mwaka 1995, apate mahali pa watu kuandikiana ruwaza.

---

FundiServa

Mwalimu, nimeazima mabenchi ya kanisa. Jumapili hii najaribu na vijana wangu. Nitaanza na Alan Kay, mwanasayansi wa kompyuta, maana yeye ndiye aliyelipa jambo hili jina la "obijekti" kisha akajuta, akasema watu wameshikilia vitu wakasahau ujumbe unaotumwa kati yao. Alisomea biolojia pamoja na hesabu, aliziona obijekti kama chembe hai: kila moja ina utando wake, na zinaongea kwa kutumiana ujumbe. Nadhani ndiyo hiyo sheria yako ya mfukoni.

Swali moja la maandalizi. Chenji mnafanyaje? Abiria akitoa vifuniko vitano na nauli ni vitatu?

---

Kiti_cha_Dirishani

"Chenji utapata mbele." 😂

---

BintiWaMkunguni

Msicheke, hiyo ni ruwaza kamili. Ni ahadi: jibu halijawa tayari, unapewa cha kushikilia, safari inaendelea, utalidai baadaye.

---

Mwalimu_wa_Kadi

Tumeijaribu jana jioni. Konda asipokuwa na chenji anatoa kikaratasi, "nakudai viwili" kwa maandishi ya abiria, konda anasaini, na yeye anabaki na nakala kwenye daftari lake. Abiria akitaka kushuka anakionyesha, analipwa, nakala inafutwa.

Ikaenda vizuri hadi kituo cha tatu. Abiria wawili wakashuka wakapitiwa kudai, wakaenda zao kununua maandazi. Konda akawa bado ana majina yao kwenye daftari. Safari ya pili wakasahau watatu, ya tatu mmoja. Saa moja na nusu daftari limejaa watu ambao hawako kwenye gari, na konda anatafuta mahali pa kuandika abiria mpya.

Yule dada akafunga daftari akaniuliza, "Mwalimu, hawa nawakumbuka mpaka lini?"

FundiServa, ukifika hapo Jumapili, usiwajibu haraka.